Mkono wa Idi wa Mama Dhahabu

Kisauni,
4 Februari 1963

Kwa ndugu yangu Kanze,

Ukiuona mwandiko huu utauliza, Ruwaida yu hai? Ni hai, alhamdulillahi, na saumu imenikauka kooni. Miaka sita sikukuandikia. Minne nilikuwa Lamu kwa mume, na hii miwili niko hapa kwa baba, nimerudi na sanduku lile lile nililoondoka nalo. Harusi yangu ilijaza mtaa. Talaka yangu ilijaza sanduku moja.

Sasa nisikilize. Baba anataka Idi ya mwaka huu iwe kama za zamani. Unakumbuka watoto wa shamba letu la Mjambere walivyokuwa wakija asubuhi, wanapangwa mstari kutoka barazani hadi langoni? Kila mmoja anapanda ngazi, anambusu baba mkono, baba anamwuliza, "We mwana wa nani?" na yeye anajibu, "Wako, Bwana," kisha anapewa peni mpya na kipande cha halua ndani ya karatasi. Siku hizi hawaji. Mwaka juzi walikuja kumi na mmoja. Mwaka jana watatu, na mmoja wao alikuwa amepotea njia.

Baba ameagiza halua ratili sitini na bembea la kukodi. Ameniambia, "Mwandikie nduguyo Kanze. Watu wa shamba wamsikiza, maana amesoma. Awaambie walete watoto wote, nyumba zote arubaini, asibaki hata mmoja." Nami naona ni jambo jema. Amezeeka, Kanze. Moyo wake umelainika.

Mama Dhahabu hajambo. Kila Ijumaa ananiletea nazi mbili na kuniita mwanangu. Mimi mama mzazi sikumjua. Ziwa nililonyonya ni la mama yako, wewe kushoto na mimi kulia, ndivyo anavyopenda kusimulia. Katika dini yetu hilo limetufanya ndugu kamili. Kwa hiyo nakuomba kwa udugu huo, lete watu.

Wako,
Ruwaida binti Barakat


Changamwe,
11 Februari 1963

Ndugu Ruwaida,

Pole kwa talaka. Naliandika hilo kwanza kwa sababu katika barua yako ndilo nililoliamini bila shida.

Bahasha ilifika imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi ya unga. Sidhani ilifunguliwa njiani. Nadhani ilifunguliwa barazani kwenu, na mwenye kuifungua alitaka kuona kama umeandika ulivyoambiwa.

Mtu anayetoa sadaka haulizi nani hakuja. Baba yako kwa nini anataka nyumba zote arubaini, asibaki hata mmoja? Mama, Mayo kama tumwitavyo kwetu, ananiambia karani wenu amepita nyumba kwa nyumba akiandika majina ya watoto, ati ili halua itoshe. Akaandika pia nyumba ilijengwa na nani, na mwaka gani. Mimi ni mwalimu, nimezoea maswali, lakini sijapata kuona halua inayouliza nyumba ilijengwa lini.

Mstari naukumbuka. Nilikuwa na miaka saba. Baba yako aliponiuliza mwana wa nani, nikajibu, "Wa Kaviha." Si ndiye aliyenizaa? Akacheka, akaniambia nirudi mkiani nikakumbuke vizuri. Nilipofika tena nilikuwa nimekumbuka, na halua ilikuwa imekwisha. Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya kiti chake na viatu vyekundu, ukacheka naye. Ulikuwa mtoto, sikulaumu, ila nilikuona.

Halafu huu ni mwaka wa uchaguzi. Ngowa Charo, aliyekuwa mkwezi wa minazi yenu na leo anavaa tai, anagombea kiti. Juzi pale Ziwa la Ng'ombe alihutubia, akasema mtoto yeyote wa Mjambere asikanyage baraza ile, peni ya Bwana ni ndoana na mtoto ndiye chambo. Watu walipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Elkana mume wangu naye anasema hivyo hivyo. Najua utafikiri ndiye anayeniandikia, kwa kuwa ni katibu wa chama cha wafanyakazi bandarini. Tazama mwandiko. Ni wangu.

Sitaleta mtu. Nitawaambia wasije.

Margaret Kanze


Kisauni,
18 Februari 1963

Kanze,

Kumbe siku hizi huko shuleni mwafundisha dhana mbaya. Nimemwuliza karani mwenyewe, ameapa wallahi ni kwa ajili ya halua. Na viatu vyangu vilikuwa vyeusi.

Baba amesikia mambo ya Ngowa Charo. Hakukasirika. Alisema tu asante ya punda ni mateke, akaomba kahawa nyingine baada ya kufuturu. Mtu mwenye hila angekasirika.

Barua hii nampa mkononi Musyoka, dereva wa gari la mkate, ambaye hupita kwenu kila siku. Haikusomwa na mtu. Kwa hiyo nakuambia na hili. Nilipomwuliza baba kuhusu ile miaka ya kujenga nyumba, aliniambia mwanamke aliyerudishwa kwao asiulize bei ya kitanda anacholalia. Nikamwongezea kahawa. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Ruwaida


Kisauni,
28 Februari 1963

Ndugu yangu,

Idi njema, hata kama hukutaka kunijibu.

Umefaulu. Hakuja mtoto. Halua ratili sitini imekaa juu ya meza, bembea limesimama kama mti mkavu, na mpiga picha wa kutoka Mjini amekaa kivulini anafukuza nzi. Ndiyo, alikuwepo mpiga picha, sikukuambia. Baba alikaa kitini tangu alipotoka kuswali mpaka saa nne, kanzu yake mpya imemganda mgongoni, akitazama lango. Nilimwonea huruma.

Kisha akaingia nani? Mama Dhahabu! Amevaa leso mpya, amewashika mkono wanao wawili, Jumwa na nduguye. Akapita moja kwa moja, akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Sikuja kwa mtu wala kwa halua. Nimekuja kumpa mwanangu Ruwaida Idi yake. Siku ya Idi nimwache vipi niliyemnyonyesha?" Akanipa mayai sita ndani ya kikapu. Nililia, Kanze.

Baba aliinuka kitini. Kwa baba kuinuka si jambo dogo. Akawauliza watoto, Jumwa akajibu vizuri kabisa, "Wako, Bwana," sijui nani alimfunza. Picha ikapigwa. Mama akapewa doti ya leso na watoto halua mpaka mifuko ikajaa. Karani akaleta karatasi ya shukrani, ndiyo desturi mpya, kila apewaye atie kidole. Macho ya Mama hayaoni vizuri, kwa hiyo nilimshika mkono mimi, na alipokwisha nikamfuta wino kwa leso yangu.

Ilikuwa siku nzuri baadaye. Nimeona nikuandikie ujue hapakuwa na ubaya wowote.

Ruwaida wako


Changamwe,
2 Machi 1963

Karatasi gani?

Watoto niliwaacha kwa Mayo siku tatu kwa sababu ya mitihani. Nilizuia nyumba arubaini nikasahau kuizuia ya kwetu. Sikufikiri kama ingehitaji kuzuiwa.

Nani anayetaka kidole cha bibi kizee kwa ajili ya kipande cha halua? Katika maisha yako umepata kuona mtu akitia sahihi kwa kupewa Idi? Imeandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu au Kiingereza? Ilisomwa kwa sauti? Na wewe, uliyekuwa karibu hata ukamshika mkono, kwa nini umeniandikia kurasa mbili kuhusu mayai na mistari miwili kuhusu karatasi?

Itafute. Inakili. Nitumie kwa Musyoka.

Kanze


Kisauni,
16 Machi 1963

Kanze,

Iko hapa ndani. Baba alipokwenda kuswali Ijumaa niliutoa ufunguo chini ya mto. Ni Kiingereza, nami kwa Kiingereza ni kipofu, kwa hiyo nimenakili herufi moja moja kama ninavyofuata mchoro wa kofia ninapodarizi. Pale penye kidoa ni jasho langu, hapana neno lililopotea.

Usimwonyeshe Elkana. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema baba akijua imetoka mkononi mwangu, sanduku langu litakuwa barabarani kabla ya adhuhuri, na safari hii sina pa kulipeleka isipokuwa Likoni kwa shangazi Suad, mwenye chumba kimoja.

Nijulishe inasema nini. Mimi sijui.

Ruwaida


Changamwe,
23 Machi 1963

Ruwaida,

Inasema hivi, nami nimeisoma mara nne nikitumaini Kiingereza changu ni kibaya:

"Mimi, Dhahabu, mjane wa Kaviha, nakiri kwamba nyumba na kiwanja ninachokaa Mjambere ni mali ya Bwana Barakat bin Ghanim, kwamba mimi, wanangu na wajukuu wangu tumekaa hapo kwa hisani yake tu, kwamba minazi iliyomo ni yake, na kwamba nitahama nikipewa ilani ya siku thelathini."

Hiyo ndiyo shukrani. Kwa doti moja ya leso.

Sasa nakukumbusha jambo ambalo hukulisahau. Idi tuliyokuwa na miaka tisa, baada ya watoto wote kupewa peni na kwenda zao, bibi yako Samiha, Mungu amrehemu, alisimama juu ya ngazi akamwita Mayo. Shamba lilikuwa lake wakati ule, si la baba yako. Akasema, "Dhahabu, umenilelea mjukuu ambaye angekufa. Watoto wapata peni. Wewe mkono wako wa Idi ni kiwanja ukaacho, kutoka kisimani hadi mkwajuni, chako na cha wanao. Panda mnazi."

Panda mnazi! Katika nyumba arubaini za Mjambere, ni nani mwingine aliyewahi kuruhusiwa? Wote wanalima mahindi na muhogo, vitu vya kung'oa. Akionekana mtu na mche wa mnazi, karani wenu huung'oa siku ile ile, kwa sababu mwenye mti ana dai juu ya ardhi. Mayo alipanda minane, na kwa miaka kumi na tisa hapana aliyeugusa hata mmoja. Baba yako anajua kwa nini. Wengine wote angeweza kuwatoa bila karatasi. Yule mmoja aliyemhitaji kwa kidole ndiye aliyekwenda kwa miguu yake, na alikwenda kwa ajili yako.

Ukimtoa baba yako, na sisi ambao kiwanja ni chetu, mashahidi waliobaki hai ni wawili. Mmoja ni Ngowa Charo, aliyekuwa akikwea minazi siku ile. Nimekwenda kwake. Amenishika mabega, akasema, "Dada, uchaguzi upite tu. Nitalisema hata mbele ya Gavana."

Mwingine ni wewe. Je, utasema?

Kanze


Kisauni,
9 Mei 1963

Kanze,

Swali lako limelala kifuani mwangu wiki sita na nusu.

Siwezi. Usiniulize nakumbuka au sikumbuki. Nakuambia siwezi kusimama mbele ya watu nikamwita baba yangu mwongo. Ukiwa na mume na mshahara ni rahisi kumwambia mwenzio awe shujaa.

Lakini nina jambo la kukupa badala yake, na ni la bure. Usimtegemee Ngowa Charo. Mara tatu sasa amekuja hapa kwetu. Hapiti barazani, anapita mlango wa jikoni, tai ameitia mfukoni. Baba anamwita Bwana Charo. Wanazungumza chini chini, na mimi ndiye ninayepeleka kahawa. Ile halua ratili sitini iliyokataliwa na watoto, unajua inaliwa na nani? Ni yeye. Yule aliyewakataza wana wa watu kipande kimoja amekula, kwa hesabu yangu, si chini ya ratili tano.

Nimekuonya.

Ruwaida


Changamwe,
14 Mei 1963

Ruwaida,

Mstari umewashinda, sasa mnataka kutugawa. Zimebaki siku chache kupiga kura na ghafla unagundua kwamba mtu wetu anakula halua jikoni. Hukuiona karatasi ilipokuwa mbele ya pua yako, lakini kijiko cha Ngowa umekiona.

Mtu huyu ametoka katika matope yale yale tuliyotoka. Nimemwona akitokwa na machozi jukwaani. Ungekuwa na ushahidi wa kweli ungeutoa ule tuliokuomba.

Usiniandikie tena. Musyoka nimemwambia asipokee.

M. Kanze


Changamwe,
4 Agosti 1963

Ruwaida,

Nimempa Musyoka shilingi nzima akupe barua hii, maana nilikuwa nimemwapisha.

Naanza na lililo gumu. Ulisema kweli nami nikakutukana.

Ngowa alishinda. Wiki ya Madaraka alifunga turubai pale Ziwa la Ng'ombe, akawaita watoto wote wa Mjambere kusherehekea. Walipangwa mstari. Kila mmoja alipanda jukwaani akampa mkono Mheshimiwa, akaulizwa, "Wewe ni mtoto wa nani?" na akafundishwa kujibu, "Mtoto wa Chama." Biskuti moja na bendera ya karatasi. Nilikuwa nimesimama nyuma na wanafunzi wangu, nikajiambia, si kitu, ni furaha tu. Yaani kwa baba yako nilinusa harufu ya karani kutoka Changamwe, na hapa mtu alikuwa mbele yangu na pua yangu imelala.

Wiki mbili baadaye shamba likawa lake. Baba yako ameogopa Uhuru, ameuza kabla hajaulizwa hati. Ngowa amenunua, sijui kwa fedha za nani. Lote, nyumba arubaini na watu wake. Na karatasi ya Mayo imeuzwa pamoja na shamba.

Ilani imekuja kwa Mayo peke yake, kwa kuwa ndiye pekee mwenye kidole, na kwa kuwa kiwanja chake ndicho chenye kisima. Mheshimiwa anataka kujenga. Nilikwenda kwake. Nilingoja barazani mwake saa tatu, na nilipoingia nikamkumbusha ile Idi. Unajua alinijibu nini? "Dada, mimi siku ile nilikuwa juu ya mnazi. Kule juu upepo ni mwingi, sikusikia kitu."

Waliotangulia walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili letu linatujua hadi mifupa, na halioni sababu ya kubakiza.

Wakili wa chama cha akina Elkana amezuia ilani mpaka kesi isikilizwe Oktoba. Anasema minazi ni ushahidi, lakini minazi haisemi. Panahitajika mtu. Umebaki wewe tu. Mayo hataki nikuombe. Anasema mwana hasumbuliwi. Amekaa mlangoni tangu juzi, hapiki, na mtu akipita anamwuliza kama wanajeshi wa kumtoa wamefika.

Mimi nakuomba. Nimepiga magoti hapa kwenye saruji, nawe huoni, lakini nimepiga.

Kanze


Kisauni,
20 Agosti 1963

Kanze,

Inuka kwenye saruji. Ukimaliza kusoma barua hii utaona aibu kwamba uliniomba hapo.

Nilijua.

Baba aliniambia usiku wa kuamkia Idi. Alisema, "Hao wengine wakija, uzuri. Wasipokuja, sina haja nao. Nimtakaye ni Dhahabu, na Dhahabu atakuja kwa ajili yako." Akaniambia karatasi ni ya nini. Akaniambia nikimshika mkono mimi mwenyewe hatauliza kitu, na kwamba siku kidole kitakapotiwa, nyumba ndogo ya uani itaandikwa jina langu, nisiwe mtu wa kurudishwa tena na yeyote. Nilikuwa na miezi ishirini na mbili ya kula chakula cha huruma, nikijikohoza kabla ya kuomba sabuni. Haya si udhuru, nakueleza tu bei yangu ilikuwa ngapi.

Mama alipotia kidole aliniuliza, "Ni sawa, mwanangu?" Nikamwambia, "Ni sawa, Mama." Ndiyo sababu nilikuandikia habari za mayai.

Barua zangu zote zimekuwa na uongo mmoja mmoja ndani yake. Kwamba sijui Kiingereza ni kweli. Kwamba sijui karatasi inasema nini ulikuwa uongo. Nilitaka uisome wewe, ujue bila mimi kukuambia, nibaki mtu mwema.

Nyumba ya uani haikuandikwa jina langu. Imeuzwa pamoja na vingine. Usidhani ndiyo sababu ninasema leo. Au ukipenda dhani hivyo, pengine ni robo ya sababu.

Mwambie wakili wenu nitakuja. Nitasema ya bibi Samiha, na nitasema nilivyomshika Mama kidole nikijua. Nimeshampa baba habari. Hakupiga kelele. Alimwita mpishi, akamwambia kuanzia leo apunguze sahani moja. Nakuandikia barua hii nikiwa nimekaa juu ya sanduku. Jioni navuka kwenda Likoni.

Mayo usimwambie mpaka aisikie kutoka kinywani mwangu. Hilo tu naomba.

Ruwaida


Mjambere,
15 Desemba 1963

Ruwaida,

Nimepokea salamu zako mbili na sikuzijibu. Tangu siku ile mahakamani sijaweza kukuandikia. Ulisema vizuri. Hakimu alipokuuliza kama ulijua, ulipojibu "Nilijua" mbele ya Mayo, nilitaka kukupiga na nilitaka kukukumbatia, na kwa kuwa mikono ni miwili tu, niliikalia.

Sasa hukumu imeandikwa na imepigwa muhuri. Karatasi ya kidole imebatilishwa, kwa sababu aliyeitia hakusomewa, na zawadi ya bibi Samiha imekubaliwa kwa ushahidi wako na kwa minazi minane ambayo hakimu alikuja kuihesabu mwenyewe, akiwa amejikinga na mwavuli. Kutoka kisimani hadi mkwajuni ni kwa Mayo. Nimehamia hapa na watoto kwa muda, Elkana anakuja Jumamosi.

Ungefikiri tunakula furaha. Sikiliza. Siku ya Uhuru Mheshimiwa alirudi na turubai lake. Safari hii ilikuwa pilau, ng'ombe wawili, na kila mtoto shati la rangi za bendera. Kando ya sufuria palikuwa na meza, karani, na kidau cha wino. Kila mzazi atie kidole, ati kushukuru. Nilikimbia mstari mzima, Ruwaida, nikipiga kelele wasitie, nikimshika huyu na huyu. Wakanisukuma. Kadzo, aliyeketi nami dawati moja, aliniambia, "Nyinyi mna ardhi yenu mliyopewa na Waarabu. Mwaka huu mlitunyima halua, sasa mwatunyima na pilau?" Wengine wakasema nimelipwa. Nyumba thelathini na tisa zilitia vidole. Walioikataa peni ya Bwana kwa vigelegele walisukumana kuipata sahani ya Mheshimiwa, kwa kuwa ni mtu wetu.

Tangu siku hiyo wanakuja kisimani kwetu kuchota na hawatusalimu. Mayo anawaamkia mmoja mmoja, nao wanatazama ndoo.

Jambo la mwisho. Mayo aliniagiza nikuandikie uje ukae naye. Nilikataa. Akaniagiza tena, nikakataa tena, nikamwambia yule alikushika kidole akijua. Akaniambia, "Nilisikia. Nilikuwako. Macho ndiyo mabovu, masikio sina neno nayo. Shangazi yake ana chumba kimoja, na mwanangu alikuwa mgonjwa wa kifua tangu mdogo." Leo alfajiri nimemkuta amejifunga leso, ana fimbo mkononi, ati anakwenda Likoni kwa miguu kukuchukua. Nimemzuia mlangoni kwa kumwahidi barua hii.

Basi njoo kabla hajatoroka. Sijakusamehe, na ukifika usitarajie nikuchekee. Chumba kipo. Njoo na godoro lako.

Kanze